Jalidi katika dembo: kinga ya bustani imo udongoni

Kati ya Juni na Agosti, Kolwezi huwa na asubuhi chache ambazo mkulima wa mboga hushuka kwenye dembo, yaani bonde lenye maji, na kukuta nyasi zimekuwa nyeupe. Majani ya lengalenga yana chenga za barafu kwenye kingo. Jani la nyanya limekakamaa, ukilikunja linavunjika. Jua likipanda, weupe unayeyuka na mtu anaweza kudhani bustani imenusurika. Kufikia saa 3 majani yamegeuka kijani cha giza na kulegea, yanapitisha mwanga kama karatasi iliyodondokewa mafuta. Kesho yake ni meusi, na kazi ya wiki nyingi ya kupanda, kupalilia na kuteka maji imekwenda.

Hasara hiyo haionekani katika hesabu za shaba na kobalti zinazolitangaza jimbo la Lualaba duniani. Inaonekana mezani. Kiangazi ndicho kipindi ambacho mboga nyingi za majani hutoka mabondeni, na kwa familia yenye kipato kidogo lengalenga, matembele na kabichi ndivyo vinavyosindikiza bukari, yaani ugali. Majani hayo yana madini ya chuma, foleti na viini ambavyo mwili hugeuza kuwa vitamini A, virutubisho ambavyo mama mjamzito na mtoto mdogo hawapati vya kutosha katika unga wa mahindi peke yake. Bustani ikiungua kwa jalidi, sahani hubaki na unga.

Habari njema ni kwamba jalidi ya huku si ya kukata tamaa. Hudumu saa chache tu kabla ya mapambazuko, hupenda mahali fulani na kuacha mengine, na hutanguliwa na dalili zinazoonekana tangu jioni. Anayeelewa joto linatoka wapi na linaponyokea wapi anaweza kuokoa sehemu kubwa ya miche yake kwa vitu vilivyoko nyumbani.

Joto linaponyokea juu

Kolwezi ipo karibu nyuzi 11 kusini mwa ikweta, juu ya uwanda wa Manika, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua huwa imekatika. Anga hukaa bila wingu, hewa hukauka, na usiku wa mwisho wa Juni hurefuka hadi karibu saa 12 na nusu.

Mchana ardhi hupokea joto la jua. Usiku huliachia kwa njia ya mnururisho usioonekana kwa macho, unaopanda kuelekea angani. Mawingu na mvuke wa maji hudaka sehemu kubwa ya joto hilo na kulirudisha chini, ndiyo maana usiku wa masika huwa na vuguvugu hata kwenye nyanda za juu. Usiku wa Julai hakuna cha kulidaka. Ardhi inapoa, na hewa iliyoigusa inapoa nayo.

Jani hupoa zaidi. Ni jembamba, halina akiba ya joto, na uso wake wote umeelekea anga. Kwa hiyo linaweza kuwa na baridi kuliko hewa kwa nyuzi kadhaa. Vituo vya hali ya hewa hupima joto ndani ya kisanduku chenye kivuli, kati ya mita 1.25 na 2 juu ya ardhi. Kituo kinaweza kuonyesha nyuzi 3 au 4 juu ya sifuri wakati lengalenga iliyo bondeni tayari imeganda.

Wakati mwingine baridi huanzia mbali. Hewa kutoka bahari ya kusini ya dunia hupanda kupitia Afrika Kusini, Zimbabwe na Zambia hadi nyanda za Katanga. Siku za kwanza huja na upepo wa kusini-mashariki. Upepo huo unatetemesha watu, lakini unaichanganya hewa ya chini na ya juu, na kwa hiyo unailinda bustani. Hatari yenyewe ni usiku ambao upepo unakata na hewa ile kavu inatulia.

Kwa nini dembo ndilo linaloumia

Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto. Usiku tulivu hutiririka polepole kwenye mteremko, ikifuata njia zilezile zinazofuatwa na maji ya mvua, kisha inajikusanya bondeni. Mtu anayetembea alfajiri kutoka kwenye nyumba za mlimani kwenda dembo huisikia miguuni: hatua chache tu na baridi inakuwa nyingine.

Hapo ndipo mkulima anaponasa. Mwezi wa Julai maji yapo dembo. Udongo wa juu umekauka, visima vya mkono huwa vifupi bondeni, na matuta ya mboga hufuata maji. Mahali penye maji ndipo penye jalidi, na mwenye bustani hana budi kuishi na yote mawili.

Udongo nao una neno lake. Sehemu za uwanda wa Manika zimefunikwa na mchanga wa Kalahari. Mchanga mkavu uliolegea umejaa hewa, na hewa haipitishi joto vizuri. Joto la mchana haliingii ndani sana, na usiku lile lililo chini halipandi upesi kufidia linalopotea juu. Udongo mweusi wenye unyevu hufanya kinyume chake: hupokea joto zaidi mchana na kulitoa taratibu usiku kucha.

Mimea ya asili imeshaijua siri hii. Juu ya nyanda za Manika na Biano, na upande wa pili wa mpaka, Angola, kuna miti ambayo shina na matawi yake yamo ardhini. Juu huchomoza vichipukizi vifupi tu, vinavyofika magotini au chini ya hapo, vyenye majani na maua. Mtaalamu wa mimea Frank White aliandika kuihusu mwaka 1976 na kuiita misitu ya chini ya ardhi. Kwa muda mrefu wanasayansi waliona moto wa nyika na mchanga usio na rutuba kuwa ndivyo vilivyoisukuma huko. Mwaka 2016 Manfred Finckh na wenzake, waliopima joto katika nyanda za juu za Angola, walionyesha kwamba jalidi za usiku wa kiangazi nazo ni sababu yenye nguvu. Sentimita chache chini ya uso wa udongo, chipukizi halifikiwi na barafu. Mkulima hawezi kuizika nyanya, lakini kanuni ni hiyohiyo: akiba ya joto imo ardhini.

Jani hufa kwa kiu

Wengi hudhani barafu huipasua seli ya mmea kama chupa iliyosahauliwa kwenye friza. Kwa kawaida sivyo. Barafu huanza katika nafasi zilizo kati ya seli. Chenga zikikua, hunyonya maji kutoka ndani ya seli, na seli husinyaa mpaka utando wake unaharibika. Kukikucha na barafu ikayeyuka, utando uliochanika hauwezi tena kuyashika maji. Yanavuja, na ndiyo sababu jani linaonekana limelowa kabla ya kunyauka.

Maji hayagandi lazima pale yafikapo sifuri. Matone safi sana yanaweza kushuka nyuzi kadhaa chini ya hapo yakiwa bado majimaji, kwa kukosa kitu cha kuanzishia barafu. Katika miaka ya 1970 watafiti waligundua kwamba bakteria wanaoishi juu ya majani, akiwemo Pseudomonas syringae, wana protini inayoanzisha barafu kwenye nyuzi chache tu chini ya sifuri. Majani machafu, yaliyooza au yenye magonjwa huongeza bakteria wa namna hiyo. Kuondoa mabaki ya zao lililopita ni usafi unaosaidia pia katika baridi.

Mimea haifanani. Nyanya, bilinganya, bamia, matango, maharage, matembele, lengalenga na ndizi ni mimea ya joto. Hudumaa hata kabla ya sifuri, baridi ikikaa chini ya nyuzi 10 kwa muda mrefu, na jalidi ndogo huiua. Viazi mviringo hupoteza majani lakini vinaweza kuchipua tena kutoka ardhini. Kabichi, kabichi ya Kichina, vitunguu, karoti na njegere huvumilia jalidi nyepesi. Kabichi hata huongeza utamu, kwa kuwa mmea hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari ili maji yake yasigande upesi.

Hatari kubwa zaidi ni jalidi iliyochelewa. Agosti mchana huanza kuwa na joto, miti ya miombo hutoa majani mapya mekundu kabla ya mvua, na wakulima huhamisha miche kutoka kitaluni. Vichipukizi vya wakati huo ni laini na vimejaa maji. Usiku mmoja wa baridi mwezi huo huweza kudhuru kuliko usiku kadhaa wa Juni, mimea ikiwa bado migumu.

Kazi ya mchana

Kinga huanza kwa kupanga shamba. Weka kitalu na mimea ya joto katikati ya mteremko, na uiachie kabichi na vitunguu sehemu ya chini kabisa. Ukuta wa matofali unaopigwa na jua la alasiri hutunza joto na kulitoa usiku. Mita moja au mbili mbele yake ni mahali pazuri pa miche. Kama umezungushia ua wa nyasi, fungua pengo upande wa chini wa mteremko. Ua uliozibwa huko huizuia hewa baridi isitoke, nayo hujaa ndani ya bustani.

Mwagilia tuta saa za asubuhi au adhuhuri, siku ambayo unatazamia usiku mbaya, ili udongo uloe na upate muda wa kupashwa na jua. Usimwagilie majani jioni.

Yapo matandazo ya nyasi kavu, ambayo wakulima hufundishwa kuyaweka ili unyevu usipotee. Ushauri huo ni mzuri kwa maji, lakini usiku wa jalidi nyasi hizo huzuia joto la udongo lisiifikie mimea, na sehemu ya juu ya nyasi hupoa sana. Asubuhi ya siku ya hatari yasogeze kwenye mifereji ili udongo wa tuta uwe wazi upigwe na jua, kisha yarudishe baridi ikipita.

Miche nayo izoeshwe. Wiki moja kabla ya kuihamisha, punguza maji kidogo na uiondolee kivuli polepole. Usiikimbizie mbolea nyingi ya urea wakati wa baridi, kwa kuwa inaharakisha majani laini yasiyoweza kujitetea.

Kazi ya jioni

Dalili ni nne: anga haina wingu, hewa ni kavu, upepo umekata jua linapozama, na baridi inashuka haraka kabla ya saa 2 usiku. Zikikutana zote, funika.

Kifuniko hakileti joto. Kinalizuia lile la udongo lisiende zake. Mikeka ya nyasi, magunia safi ya katani, mashuka makuukuu, vikapu na mabua ya mahindi yaliyofumwa vyote vinafaa. Masharti ni matatu. Funika kabla jua halijazama kabisa, joto likiwa bado lipo. Kifuniko kifike chini pande zote, kwa sababu joto hutoka ardhini, halitoki kwenye shina. Na kisiguse majani: simamisha vijiti au pinda fito, maana jani lililogusa kitambaa kilichoganda huganda nalo. Karatasi nyembamba ya nailoni hupitisha sehemu kubwa ya mnururisho wa ardhi, hivyo peke yake ni dhaifu. Iongezee mkeka juu.

Kifuniko kilichowekwa vizuri huongeza kwa kawaida nyuzi 1 hadi 3, na katika jalidi nyepesi hizo ndizo tofauti ya uhai na kifo. Ili kuongeza nguvu, jaza maji bidoni za lita 20, ziache juani kutwa, kisha ziweke chini ya kifuniko. Bidoni moja ikipoa kwa nyuzi 10 huachia zaidi ya kilojuli 800 za joto, polepole, usiku kucha.

Njia hii ina historia. Mwaka 1814 daktari William Charles Wells wa London alichapisha kitabu kuhusu umande baada ya kupima joto la nyasi usiku kwa usiku. Alikiri kwamba zamani aliwadharau watunza bustani waliofunika mimea kwa mikeka myembamba, akiamini kitu chepesi hivyo hakiwezi kuzuia baridi ya hewa. Kisha alitandaza leso nyembamba juu ya nyasi na kukuta chini yake kuna joto zaidi kuliko penye uwazi. Vipimo vyake vilithibitisha ambacho wakulima walikuwa wakikifanya kwa mazoea.

Asubuhi subiri jua lipashe, kama saa 3, ndipo ufunue. Ukisahau, jua la adhuhuri litaibabua miche.

Yanayosemwa yasiyosaidia

Wako wanaomwagia maji alfajiri. Mashamba makubwa ya ng'ambo hutumia maji dhidi ya jalidi kwa kuyarusha bila kukoma hadi barafu iyeyuke, kwani maji yanapoganda hutoa joto. Lakini maji yanapokauka hunyonya joto mara saba na zaidi ya lile linalotolewa na kiasi hichohicho kikiganda. Katika hewa kavu ya Julai, kumwagia mara moja na kuacha, au pampu kuzimika umeme ukikatika, kunaweza kuizidishia mimea baridi. Na jani ambalo seli zake zimekwisha kuharibika halifufuki kwa maji.

Wengine huwasha moto wa moshi mwingi. Moshi haudaki mnururisho wa ardhi kama wingu linavyofanya. Kinachosaidia ni joto la moto wenyewe, nalo hupanda juu na kupotea. Kuchoma matairi ni hatari tupu: masizi yake yana sumu, hutua juu ya mboga na kuingia mapafuni mwa majirani.

Onyo kubwa zaidi kwa Kolwezi ni magunia yaliyobeba madini. Ni mengi, ni ya bei nafuu, na yanaonekana kufaa kufunikia. Vumbi lake hubaki na kobalti na metali nyingine. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha utafiti wao wa mtaa wa Kasulo mjini Kolwezi, ambako watu walichimba madini kati ya nyumba. Wakazi walikuwa na kobalti nyingi zaidi mkojoni na damuni kuliko watu wa mtaa wa jirani, na watoto ndio walioongoza. Kulitandaza gunia la namna hiyo juu ya lengalenga ni kulipeleka vumbi hilo mpaka sufuriani. Mboga zote za karibu na migodi na barabara za malori zioshwe kwa maji safi zaidi ya mara moja.

Mbabula, jiko la makaa, nayo isiingizwe chumbani wakati wa kulala, wala ndani ya kibanda cha kitalu ambamo mtu analinda. Makaa yanayowaka mahali palipofungwa hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Na mwenye mbuzi au ng'ombe asiwafungulie kwenye mtama mchanga uliopigwa na jalidi, kwa sababu majani yake huzalisha sayanidi.

Baada ya usiku mbaya

Usikimbilie kung'oa. Subiri siku chache uone kama chipukizi linatoka chini. Kabichi na karoti zilizoguswa vuneni mapema mzile, kwani huoza upesi. Nyanya iliyokauka hadi shina iondoeni, na nafasi yake pandeni mboga inayovumilia baridi.

Onyo lifike kabla ya jua kuzama

Baridi ya namna hii imeshatikisa uchumi mkubwa. Julai 1975 jalidi iliteketeza mikahawa ya jimbo la Paraná, Brazil, na bei ya kahawa ikapanda dunia nzima. Januari 2012 iliunguza mashamba ya chai magharibi mwa Bonde la Ufa nchini Kenya. Mazao hayo yana bodi, makampuni na wapimaji wa kutoa taarifa. Bustani za dembo hazina anayezisemea.

Linalohitajika si kubwa. Shirika la taifa la hali ya hewa, Mettelsat, lipo. Chuo Kikuu cha Kolwezi kipo, na redio za mtaa husikilizwa hadi vijijini. Kipimajoto kimoja kilichowekwa usawa wa majani katika kila dembo linalolimwa, na mtu wa kukisoma alfajiri, vingetosha kuanza kuijua ramani ya jalidi ya Lualaba. Tangazo la saa 9 alasiri kwamba usiku huu ufunikwe lingempa mama wa bustani muda wa kupeleka mikeka yake kabla giza halijaingia. Makampuni ya migodi, ambayo sheria inayataka yagharamie maendeleo ya watu wanaoishi kando yake, yanaweza kununua vipimajoto hivyo bila kuhisi uzito. Kabla hayo hayajafanyika, kila chama cha wakulima kinaweza kununua kimoja, kukichomeka kwenye tuta la chini kabisa, na kupigiana simu.